Bwana Asiyefika Shambani

Richard Pennant alirithi mashamba ya miwa ya Clarendon, Jamaica, mwaka 1781 na kuyashika hadi alipofariki mwaka 1808. Katika miaka yote hiyo hakuvuka bahari kwenda kuyaona. Alikaa Uingereza na kaskazini mwa Wales, akayaendesha kwa barua: sukari ipakiwe meli ipi, ng'ombe wanunuliwe wangapi, msimamizi yupi aondolewe na yupi awekwe. Mawakili wake kule Jamaica walimjibu kwa barua vilevile, wakimpa habari za mvua, za mapipa ya sukari, za ng'ombe waliokufa na watumwa waliokufa. Barua ilikaa baharini wiki nyingi, na amri ya bwana iliweza kufika wakati jambo lenyewe limeshapita.

Barua hizo zipo hadi leo. Zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Bangor, pamoja na daftari za hesabu, ramani, mikataba ya ndoa, wosia, hati za upangaji na orodha za watu waliomilikiwa. Ndizo nyaraka za Kasri la Penrhyn, yaani za ukoo uliokuwa miongoni mwa wenye ardhi wakubwa kabisa wa Wales. Serikali ya Uingereza ilipofanya hesabu ya wenye ardhi katika miaka ya 1870, ukoo huu ulikutwa na zaidi ya ekari 40,000.

Nikizitafakari nyaraka hizi, kuna jambo moja halinitoki kichwani: zipo kwa sababu bwana hakuwepo. Mtu anayeamka shambani kwake, akamwita msimamizi barazani na kumpa maagizo ya siku, hana haja ya kalamu. Maneno yake yanaishia palepale. Lakini anayemiliki asichokiona hana njia ya kukijua isipokuwa karatasi. Atataka kuambiwa mwaka huu wamezaliwa wangapi, wamekufa wangapi, nani mgonjwa, nani ametoroka, nani amezeeka hata hafai tena kazi. Kila alipouliza, mtu wa upande wa pili alilazimika kukaa chini na kuandika jina. Hakuna aliyekusudia kuwatunza wale watu katika kumbukumbu ya dunia. Walitunzwa na wasiwasi wa mwenye mali.

Orodha za watumwa za mashamba ya Jamaica zinafanana sana. Upande wa kushoto jina. Kisha kazi: kundi la kwanza ni wenye nguvu, wanaume kwa wanawake, wachimba mashimo ya kupandia miwa na wakataji wakati wa mavuno, kundi la pili ni vijana na waliopungua nguvu, kundi la tatu ni watoto, wanaopewa magugu ya kung'oa na majani ya kulisha mifugo. Wapo maseremala, wapika sukari, wachungaji, wauguzi, na nyapara wa kila kundi. Kisha hali: mzima, dhaifu, ana vidonda, kipofu. Mwisho kabisa bei kwa pauni. Mtoto mchanga ana bei. Fundi wa kupika sukari ana bei kubwa kuliko wote wanaomzunguka. Bibi kizee aliyekwisha toa nguvu zake zote shambani anaandikiwa sifuri, au pauni moja mbili za kuziba nafasi.

Majina mengi ni ya kupachikwa, yametolewa katika vitabu vya Warumi au ramani ya miji ya Uingereza. Katikati yake yamo ya Kiakan, waliyokuja nayo watu kutoka pwani ya Ghana ya leo, yakiandikwa kama sikio la karani lilivyoyapokea: Quashie, Cudjoe, Phibba. Kwenye karatasi zilezile, au karatasi chache mbele, unakuta orodha ya ng'ombe na nyumbu, nayo ina safu ya hali na safu ya bei.

Katika barua yake mojawapo, Richard Pennant alimwagiza wakili wake kwamba hapendi ng'ombe wala watumwa wafanyishwe kazi kupita kiasi. Ng'ombe ametangulia. Wapo wanaoisoma barua hiyo kama ushahidi wa moyo wa huruma, na sidhani kwamba aliiandika kwa ukatili. Aliiandika kama mwenye mali anayetaka mali idumu. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba mtu anaweza kuwa mpole wa kauli, mwangalifu wa hesabu, mjenzi wa barabara na mashule nyumbani kwake, na bado akaona ng'ombe na binadamu katika safu moja bila kalamu kusita.

Mwenye subira anaweza kumfuata mtu mmoja katika orodha za miaka tofauti. Anamkuta msichana kundi la tatu. Miaka kadhaa baadaye yuko kundi la kwanza na bei imepanda. Baadaye bei inashuka, pembeni pameandikwa kwamba ni dhaifu. Orodha inayofuata haina jina lake. Ni maisha mazima yaliyoandikwa na watu ambao hawakuwa wakiandika maisha. Walikuwa wakikagua mtaji. Hatujui alicheka vipi wala alimpenda nani. Ila tunajua alikuwepo, na wengi mno wa zama zile hata hilo hawakulipata.

Ukoo wenyewe ulianza kwa askari. Gifford Pennant alipata ardhi Clarendon baada ya Waingereza kuinyang'anya Hispania kisiwa cha Jamaica mwaka 1655. Kizazi kilichofuata kilishika vyeo vya mahakama kisiwani, kingine kikarudi Uingereza kufanya biashara Liverpool, na Richard akazaliwa mtoto wa tajiri wa sukari. Mwaka 1765 alimwoa Anne Susannah Warburton, mrithi wa nusu ya ardhi ya Penrhyn huko Wales. Nusu ya pili aliinunua baadaye. Fedha ya miwa ikakutana na mahari ya milima.

Liverpool, bandari iliyokuwa inaongoza kwa meli za watumwa, ilimpeleka bungeni mara kadhaa. Wapinga biashara ya watumwa walipopeleka hoja yao bungeni mwaka 1789, yeye alisimama kuipinga na kuwaonya wenzake kwamba wakiipitisha watakuwa wameipiga mali yenye thamani ya pauni milioni 70. Nimeifikiria sana hiyo tarakimu. Anayetamka milioni 70 mbele ya Bunge kuhusu visiwa asivyovifika ana makaratasi nyuma yake. Orodha zile zilizomfikia kutoka Clarendon, zikijumlishwa na za wenzake, ndizo zilizomfundisha kuona hivyo. Karani wa shamba aliandika bei mbele ya jina, na mwisho wa safari bei ikasema bungeni; jina halikusikika.

Richard hakuacha mtoto. Mali ilikwenda kwa binamu, George Hay Dawkins, aliyeongeza jina la Pennant kwenye lake ili arithi. Huyu ndiye aliyemwajiri msanifu Thomas Hopper kujenga kasri kubwa la mawe linaloonekana leo karibu na Bangor, lenye mnara mnene na vyumba visivyohesabika kwa urahisi, kazi iliyochukua miaka ya 1820 na kuingia miaka ya 1830. Ndiye pia aliyepokea fidia.

Hapa inafaa kwenda polepole. Sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwalipa wamiliki. Serikali ilikopa ili ilipe, na deni lililotokana na mkopo huo lilikuja kufutika kabisa vitabuni mwaka 2015. Kila mmiliki aliyedai alitakiwa kuthibitisha: watu wangapi, wa kazi gani, katika shamba lipi. Tangu mwaka 1817 Jamaica ilikuwa na rejista rasmi ya watumwa iliyofanywa upya kila baada ya miaka mitatu, na nakala zake ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew. Basi karatasi iliyokuwa ya kumtuliza bwana wa mbali ikawa hundi. George Hay Dawkins-Pennant alilipwa pauni 14,683, shilingi 17 na peni 2 kwa watu 764. Ni takriban pauni 19 kwa kila kichwa. Wale 764 hawakulipwa hata hizo peni 2. Wengi wao walilazimika kuendelea kumtumikia kwa jina la wanagenzi hadi Agosti 1838.

Watafiti wa University College London wamezikusanya hesabu hizi za fidia, madai kwa maelfu, na kuziweka mtandaoni ambapo mtu yeyote anaweza kutafuta jina la mmiliki. Naiheshimu kazi hiyo kwa dhati, kwa sababu imeondoa uwezekano wa kusema kwamba hatukujua. Lakini inanipa pia huzuni, maana mlango wa kuingilia ni jina la bwana. Anayetaka kumtafuta bibi yake wa bibi lazima kwanza ajue ni nani alimmiliki.

Katika Jamaica ya leo, Pennants ni kijiji cha Clarendon, na Denbigh, lililokuwa mojawapo ya mashamba ya ukoo huu, ni jina linalojulikana na kila mtu kwa maonyesho makubwa ya kilimo ya kila mwaka karibu na mji wa May Pen. Pennant limebaki pia kuwa jina la watu. Mashabiki wa Liverpool watamkumbuka Jermaine Pennant, winga mwenye asili ya Jamaica, aliyeanza katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya kule Athens mwaka 2007. Jina hilo hilo, katika jezi ya mji huo huo uliompeleka Richard Pennant bungeni kuutetea utumwa.

Upande wa Wales, fedha ilikwenda kwenye mawe. Mwaka 1782 Richard Pennant aliyachukua mikononi mwake machimbo ya sleti ya mlimani, juu ya mahali ulipo mji wa Bethesda, ambako kabla yake wenyeji wachache walikuwa wakichimba kwa kujitegemea na kulipa kodi ndogo. Akawageuza vibarua wake. Akajenga bandari, Port Penrhyn, na mwaka 1801 njia ya reli ya kukokotwa na farasi kutoka mlimani hadi pwani. Sleti ni jiwe linalopasuka mabamba membamba. Watu wazima miongoni mwetu tuliiona shuleni kama kibao cha kuandikia, lakini wao waliezekea nyumba. Mabamba ya paa yalipewa vyeo kwa ukubwa: kuna duchesi, kuna kauntesi, kuna ledi. Mchimbaji aliyekaa kibandani na patasi, vumbi likimjaa mapafuni, alihesabu siku yake kwa duchesi na kauntesi alizopasua.

Hapa nyaraka zinabadilika sura, nami naona ni mkono uleule. Badala ya orodha ya watu na bei zao, kuna vitabu vya mishahara na vya makubaliano ya kila mwezi. Watu wachache waliungana kuwa kikosi, wakapewa kipande cha mwamba chenye upana wa yadi 6 hivi, wakapatana na msimamizi kiwango cha malipo kulingana na ugumu wa jiwe. Walikuwa watu huru, na sitaki kamwe kulinganisha hali yao na ya Clarendon kana kwamba ni moja. Mtumwa wa Denbigh hakupatana na mtu. Ila nimeona jinsi desturi ya kutawala kwa tarakimu ilivyohama kutoka miwa kwenda mawe bila kukatika. Baroni wa Penrhyn wa mwishoni mwa karne ya 19, George Sholto Douglas-Pennant, aliishi maili chache tu kutoka machimboni, na bado aliwafikia wachimbaji kupitia meneja wake E. A. Young, mtu wa mahesabu kutoka Uingereza. Wao walisema Kiwelshi na kusali katika makanisa yao madogo. Baroni alisema Kiingereza na alikuwa wa kanisa la serikali. Kamati yao aliikataa. Alisema hatazungumza na chama, atazungumza na mtu mmoja mmoja.

Tarehe 22 Novemba 1900, watu 2,800 walitoka machimboni. Mgomo ulidumu miaka mitatu. Machimbo yalipofunguliwa tena Juni 1901, waliokubali kurudi, kama 400, walipewa kila mmoja sarafu ya dhahabu ya pauni moja. Ndipo kadi zikaanza kuonekana madirishani mwa Bethesda, zimechapwa kwa Kiwelshi, zikisema kwamba katika nyumba hii hamna msaliti. Nyumba iliyoondoa kadi yake dirishani ilikuwa imesema yote. Kwaya zilizunguka Uingereza zikiimba kuchangisha fedha za chakula. Wengi walihamia migodi ya makaa ya mawe ya kusini wasirudi tena. Novemba 1903 mgomo ulikwisha kwa kushindwa, na familia za mji ule ziliendelea kutosalimiana kwa vizazi.

Ile kadi ya dirishani ni hati. Inatamka jambo kwa jina la nyumba, inaonyeshwa hadharani, na ina nguvu ya kumfunga mtu. Daftari la baroni liliweza kuonyesha nani amerudi kazini na nani hajarudi. Halikuweza kuonyesha ni nini kilimfanya mama mwenye watoto wenye njaa aiache kadi mahali pake. Kwa hiyo mtu anayeandika historia ya Penrhyn kwa kutumia masanduku ya kasri peke yake ataandika historia ya machimbo kusimama, akakosa ya mji kusimama.

Na hayo masanduku yaliishia wapi? Kasri lilitoka mikononi mwa ukoo mwaka 1951, likawa chini ya shirika la uhifadhi la National Trust. Karatasi zikagawanyika: sehemu kubwa ya nyaraka za machimbo iko katika hifadhi ya mkoa mjini Caernarfon, na zile za kasri na Jamaica ziko Chuo Kikuu cha Bangor. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1884 katika jengo la hoteli ya Penrhyn Arms, na miongoni mwa waliokichangia ni wachimbaji wa sleti, waliokatwa senti zao kidogo kidogo katika mishahara ili watoto wa Wales wapate elimu ya juu karibu na kwao. Leo mjukuu wa mchimbaji anaweza kuketi katika chuo cha babu yake na kuomba aletewe barua za bwana.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna mashamba yetu na koo zetu za wenye mashamba: mikarafuu ya Unguja na Pemba, nafaka na minazi ya Malindi na Mombasa. Huku mambo yalikwenda kinyume. Mwenye shamba la Unguja alikaa mjini, lakini mji ulikuwa karibu. Angepanda punda wake asubuhi akafika. Alikuwa na msimamizi, chini yake nokoa, chini ya nokoa kadamu, na amri ilishuka ngazi hizo kwa mdomo. Alichoandika ni kile ambacho mdomo haukutosha: hati ya mauzo mbele ya kadhi, wakfu, na zaidi ya yote rehani, maana wengi walikopa kwa wafanyabiashara Wahindi na kuweka shamba dhamana. Kwa hiyo nyaraka zetu zinajua mipaka ya shamba, zinajua mnazi wa nani na deni la nani. Waliochuma karafuu mara nyingi hazitaji hata majina yao.

Majina yao yanaanza kutokea pale Uingereza ilipoleta kwetu hesabu ileile ya Jamaica. Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya ulinzi wa Uingereza, alitoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria. Mmiliki aliyethibitisha umiliki wake mahakamani alilipwa fidia. Mtumwa hakuachwa huru pale alipolala. Alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru, kisha aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo. Katika ukanda wa pwani ya Kenya jambo kama hilo lilifanyika mwaka 1907. Mtu alipata kuandikwa jina siku aliyosimama mbele ya hakimu kusema hataki tena kuwa wa mtu.

Najua zipo familia, Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa, ambazo zina hati za zamani ndani ya nyumba, na hazitaki kuzitoa. Hofu yao ina msingi. Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 na utaifishaji wa ardhi uliofuata viliwafunza watu kwamba hati inaweza kumletea mwenye nayo balaa, na kesi za mashamba ya pwani ya Kenya hazijaisha mpaka leo. Kuna aibu pia, kwamba katika karatasi ya babu patakutwa mtu aliyerehaniwa pamoja na minazi.

Sidai kwamba hati zikabidhiwe serikalini. Hati ya ardhi ibaki kwa wenyewe. Ninachotaka ni majina. Kama katika karatasi hizo ametajwa nokoa, ametajwa mwanamke aliyeachwa huru kwa ajili ya Mungu, ametajwa mtoto aliyeingizwa katika mahari, basi anakiliwe: jina, mwaka, shamba, na ikiwa imeandikwa, kabila lake, Mnyasa, Mzaramo, Mmanyema. Nakala hiyo haimnyang'anyi mtu mkarafuu hata mmoja. Ipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar iliyoko Kilimani, iingizwe katika daftari ambalo mlango wake wa kuingilia ni jina la aliyelima. Wajukuu wa hao waliotajwa wako hapahapa nasi, na wengine ni wajukuu wa bwana pia, kwa upande wa pili wa damu.